Lozi kumi na tisa ndani ya lita ya maji

Ukilishika boksi la maziwa ya lozi dukani, ligeuze kwanza usome maandishi madogo ya ubavuni. Kwenye mengi yanayotoka Ulaya utakuta maji yametajwa mwanzo, sukari mara nyingi inafuata, na lozi zenyewe ni asilimia mbili na ushee. Tuseme 2.3. Kwenye lita moja hizo ni gramu 23, na kwa kuwa lozi moja iliyotolewa ganda gumu ina uzito wa gramu moja na nukta mbili hivi, umeshika lozi 19. Zinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Kilichobaki ndani ya boksi ni maji yaliyopanda meli kuja kwetu, mafuta kidogo au gundi ya mimea ya kuyafanya yawe mazito, na chokaa ya kuongezea kalsiamu.

Sizibezi lozi. Nimeanza nazo kwa sababu kila anayeniuliza "kati ya haya maziwa ya mimea lipi tamu na lipi rahisi?" huwa ameshajijibu nusu: anadhani la bei kubwa ndilo bora, na la bei ndogo ni la kujishikiza. Kwenye rafu hii mambo yako kinyume. Kati ya maziwa ya mimea ninayoyataja humu, yenye protini nyingi kuliko yote yanatokana na zao ambalo huku kwetu tunawalisha kuku, na ile ladha mbaya inayoyaharibia jina inatokana na kosa la jikoni ambalo birika moja la maji yanayotokota linaweza kulirekebisha.

Kabla ya hapo, tumbo. Walio wengi hawaachi maziwa ya ng'ombe kwa kupenda. Maziwa ya mnyama yana sukari iitwayo laktosi, na ili imeng'enywe utumbo mwembamba unahitaji kimeng'enya cha laktasi. Mtoto mchanga anacho tele. Kwa sehemu kubwa ya binadamu kimeng'enya hicho hupungua baada ya kuachishwa ziwa, na laktosi isiyomeng'enywa hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wakaichachua. Matokeo yake ni gesi, tumbo kunguruma, na mbio za chooni. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha kazi iliyohusisha Watanzania, Wakenya na Wasudani 470, na likaonyesha kwamba jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki zilipata uwezo wa kunywa maziwa ukubwani kwa badiliko lao wenyewe la jeni, tofauti kabisa na lile la Wazungu wa kaskazini, ndani ya miaka elfu chache tu tangu ng'ombe wafugwe huku. Kwa hiyo mtu aliyekulia kwenye boma la ng'ombe na mwenzake wa pwani wanaweza kunywa kikombe kile kile, mmoja akaendelea na kazi na mwingine akatafuta mlango.

Ikiwa tatizo lako ni hilo tu, jaribu mtindi kwanza, maana bakteria wa mtindi wameshakula sehemu ya laktosi kabla yako. Huenda usihitaji boksi lolote. Mzio wa protini ya maziwa ni jambo jingine, huo hauna mtindi wala kijiko kimoja cha kujaribia. Na wapo wanaoacha kwa sababu ya Kwaresima, au ya imani, au kwa kumhurumia ndama.

Soya yenye jina baya

Mara ya kwanza nilipotengeneza maziwa ya soya nilifanya kama walivyonielekeza: loweka usiku, asubuhi saga kwa maji ya baridi, chuja, chemsha. Jirani yangu alionja kijiko kimoja akaniuliza kama nimepika majani. Alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua.

Ndani ya punje ya soya mna mafuta, na mna kimeng'enya kiitwacho lipoksijenesi. Punje ikiwa nzima, kila kimoja kinakaa chumbani mwake na hakuna ugomvi. Ukisaga na maji baridi kuta zinavunjika, hewa inaingia, na papo hapo kimeng'enya kinaanza kuyakata mafuta. Harufu inayotoka ni ndugu wa harufu ya majani yaliyofyekwa sasa hivi. Ukichemsha baadaye, kimeng'enya kinakufa, ila harufu imeshazaliwa na haitoki. Ndiyo maana watu huongeza sukari, iliki, vanila, mdalasini, na bado kuna kitu kinanuka nyuma yake.

Katika miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walionyesha njia nyepesi: saga soya kwa maji ya moto sana, zaidi ya nyuzi 80, ili kimeng'enya kife wakati ule ule punje inapovunjika. Nyumbani mimi hufanya hivi. Naloweka soya kwa saa nane hadi kumi na mbili na chembe ya magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Namwaga maji ya kulowekea, nafikicha maganda yaelee, nayaondoa. Punje nzima nazitia kwenye maji yanayotokota kwa dakika tano, kisha nazisaga kwa maji mengine ya moto. Hapa uwe na adabu na blenda: usiijaze, usiibane kifuniko, funika kwa kitambaa kinene, maana mvuke ukikosa pa kutokea hutafuta uso wako. Chuja kwa kitambaa cha pamba, rudisha jikoni, chemsha tena dakika kumi na tano hadi ishirini huku unakoroga.

Usikatishe uchemshaji huo. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na ni moto unaovimaliza. Mtego wake ni povu. Linapanda mapema, kabla sufuria haijachemka sawasawa, mtu anadhani yameiva, anaepua. Punguza moto, povu lishuke, ndipo uanze kuhesabu dakika.

Ukiyaonja hayo pamoja na chembe ya chumvi na sukari kidogo, utasikia kitu kinachokaribia karanga za kuchemsha, kizito kiasi, chenye mwisho mkavu kidogo kwenye ulimi. Hayafanani na maziwa ya ng'ombe na sitakudanganya kuwa yanafanana. Ila ile harufu ya majani haipo. Uchina wala hawaoni kama ni kasoro: huyanywa asubuhi ya moto, wengine kwa sukari, wengine kwa chumvi, na andazi refu la kuchovya. Daktari mmisionari Msabato, Harry Miller, ndiye aliyeanzisha kiwanda cha maziwa ya soya mjini Shanghai katika miaka ya 1930, na pengine si ajabu kwamba hata huku ukitaka mtu anayejua kuyatengeneza vizuri, utamkuta miongoni mwa akina mama wa Kisabato, waliokuwa wakinywa soya tangu enzi ambazo hakuna aliyeiona kuwa ni fasheni.

Kwa protini hayana mpinzani kati ya haya. Glasi ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe ina protini gramu nane hivi. Ya soya ina saba hadi nane. Ya oti ina mbili au tatu. Ya lozi moja. Ya mchele, na kile kinywaji cha nazi cha boksi, havifiki hata hiyo moja.

Oti ni binamu wa togwa

Maziwa ya oti ndiyo yaliyovuma zaidi miaka ya karibuni, na kwa ladha wanaoyasifia wana haki. Yana utamu wa nafaka, yana uzito wa maziwa, hayapigi kelele ndani ya kahawa. Nazungumzia oti ile ile ya uji wa kopo. Watu wanasoma kwenye simu kwamba oti ni rahisi, wanachukua kikombe kimoja cha oti na vikombe vinne vya maji, wanasaga, wanachuja, wanamimina kwenye chai inayochemka. Dakika mbili baadaye chai imekuwa mlenda.

Sababu ni wanga. Oti ni wanga mtupu kwa sehemu kubwa, na wanga ukikutana na maji ya moto huvimba. Umepika uji. Kiwandani hawakukwepa jambo hilo kwa kuchuja sana, walilikwepa kwa kuuvunja wanga. Rickard Öste, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden aliyekuwa akishughulikia tatizo hilo hilo la laktosi, alitumia vimeng'enya vya kuukata wanga wa oti uwe sukari ndogo, na katika miaka ya 1990 ikazaliwa kampuni ya Oatly. Uji ukawa mwepesi na mtamu pasipo kutiwa sukari. Ndiyo maana boksi linaweza kuandikwa "hakuna sukari iliyoongezwa" na bado ulimi ukasema tamu: sukari, nyingi yake maltosi, imetoka ndani ya nafaka yenyewe.

Sasa mwulize bibi yeyote wa Songea au Iringa anayepika togwa. Anapika uji mzito wa mahindi, anauacha upoe hadi joto ambalo kidole kinavumilia kwa tabu, halafu anatia kimea cha ulezi. Uji uliokuwa unasimama mwiko unalegea mbele ya macho yako, unakuwa wa kunywa, na unakuwa mtamu. Kimea ni ulezi ulioota, na mbegu inayoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga ili chipukizi ale. Ni kazi ile ile ya Lund. Tofauti ni kwamba togwa huachwa ichachuke kidogo ikapata ukali wake, ilhali kiwanda huzima mambo mapema, hutia mafuta na chumvi, na huweka ndani ya boksi.

Nimejaribu: oti iliyopikwa ikawa uji, ikapoa hadi nyuzi 65 hivi, kijiko kimoja cha unga wa kimea, nusu saa, chemsha tena ili vimeng'enya vife, chuja. Yalitoka maziwa ya rangi ya udongo, yenye harufu ya ulezi, matamu, na hayakuvuta hata chembe. Mtu anayetaka rangi nyeupe ya tangazo hatayapenda. Kwenye uji wa mtoto mkubwa au kwa mkate wa asubuhi, mimi nayapenda kuliko ya dukani.

Usipokuwa na kimea, basi saga oti kwa maji ya baridi sana, sekunde thelathini tu, usikamue kitambaa, na uyanywe baridi. Usiyapeleke jikoni.

Tui lilikuwepo

Tarehe 14 Juni 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya kampuni ya Kijerumani ya TofuTown, kwamba bidhaa ya mimea isiuzwe kwa jina la maziwa, isipokuwa majina machache ya mazoea, la nazi likiwemo katika baadhi ya lugha. Kiswahili hakikuwa na haja ya hakimu. Anayekuna nazi juu ya mbuzi na kukamua kwenye kifumbu anajua anachopata ni tui, na kinachobaki ni chicha, na hakuna anayechanganya tui na maziwa.

Jina hilo linasaidia kuondoa mkanganyiko wa madukani, kwa sababu kuna vitu vitatu vinavyouzwa kwa picha ile ile ya kifuu kilichopasuliwa. Kuna tui zito la kopo, ambalo mafuta yake hufika asilimia 17 au 20. Hilo ni la kupikia, ni tui la kwanza. Kuna unga wa tui. Na kuna kinywaji cha nazi cha boksi, ambacho ni tui kidogo sana ndani ya maji mengi, mara nyingi na mchele kidogo wa kukipa mwili. Mtu akilinunua hili la tatu akapikia samaki wa nazi, anapata supu ya maji. Akilimimina la kwanza kwenye kahawa, anapata mafuta yanayoelea.

Kwa ladha, tui haliigi kitu chochote. Linatawala. Kwenye uji wa mchele, maharage, mboga na mkate wa kumimina, hakuna soya wala lozi itakayolikaribia, na anayeacha maziwa ya ng'ombe kwenye mapishi ya pwani hana alichopoteza, kwa kuwa ng'ombe hakuwahi kualikwa kwenye sufuria hizo. Kwenye chai mimi sipendi. Chai inakuwa ya nazi, na ikikaa kidogo tui hukatika. Kumbuka pia kwamba utajiri wa tui ni mafuta, tena mengi yakiwa yale mazito yanayoganda kwenye baridi. Protini usiitafute humo.

Korosho, kisha lozi

Korosho ndiyo ninayoionea uchungu. Tanzania inailima kwa wingi Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani, lakini sehemu kubwa husafirishwa ikiwa na maganda kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Novemba 2018 serikali ilipoingilia soko na kutangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei hiyo ilikuwa ya korosho ghafi. Anayetaka kilo moja ya korosho iliyobanguliwa anahitaji kilo nne hadi tano za ghafi, na ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, kwa hiyo kubangua si kazi ya kupigia soga. Ukiona korosho nyeupe nzima ghali dukani, umelipia mikono iliyobangua na macho yaliyochagua.

Lakini maziwa hayahitaji korosho nzima. Vipande vilivyovunjika, ambavyo huuzwa kwa bei ya chini, hutoa maziwa yale yale. Loweka saa mbili, saga na maji hadi yalainike kabisa, basi. Hakuna kuchuja, hakuna chicha, punje yote inaingia glasini. Ladha yake ni ya krimu, tamu kwa upole, haina ukali, na kati ya yote ninayoyataja humu ndiyo mtu asiyejua angeweza kuyakosea kuwa ya ng'ombe. Kasoro yake ni moto: korosho ina wanga, ukichemsha inavuta. Kwenye mchuzi hilo ni neema. Kwenye chai tia mwishoni, baada ya kuepua.

Lozi zina harufu nzuri na historia ndefu. Anayejua halua ya Zanzibar au ya Muscat hahitaji kuelezwa. Maziwa yake ya nyumbani, yakitengenezwa kwa gramu 130 kwa lita, ni matamu kwelikweli, na ni kitu tofauti na yale ya gramu 23. Ila lozi zetu zinatoka mbali. Takriban asilimia 80 ya lozi za dunia hulimwa jimbo moja, California.

Maziwa ya mchele nitayapita haraka. Ni maji matamu ya mchele. Yanamfaa mwenye mzio wa soya na wa njugu kwa pamoja, na kwa wengine sioni sababu ya kuyalipia.

Ndani ya kikombe

Chai ya maziwa ya kwetu ni mtihani mgumu kuliko kahawa ya mkahawani, kwa kuwa tunachemsha kila kitu pamoja. Lozi hujitenga, mchele hubaki maji, oti ya nyumbani isiyotiwa kimea huvuta. Soya iliyosagwa kwa maji ya moto huvumilia, na oti ya boksi huvumilia vilevile. Kama unatia tangawizi mbichi, iache ichemke kwenye maji na majani kwanza, maana tangawizi nayo ina kimeng'enya kinachogandisha protini, na moto ndio unaokituliza.

Kahawa ina tindikali, na protini ya soya ikikutana na tindikali na joto kwa ghafla huganda vipande vipande. Kahawa za Kenya na za Kilimanjaro zinasifika kwa uchachu wake mzuri, uchachu ule ule unaokatisha soya kikombeni. Pasha soya kwanza, iache kahawa ipoe dakika mbili, kisha mimina kahawa juu ya maziwa badala ya maziwa juu ya kahawa. Kahawa iliyokaangwa hadi nyeusi haikatishi sana. Yale maboksi yaliyoandikwa "barista", yaani mpika kahawa wa mkahawani, hayana muujiza: yameongezwa mafuta na chumvi ya kudhibiti tindikali, na hiyo ndiyo tofauti ya bei unayolipia.

Mahesabu

Bei hubadilika kila juma, kwa hiyo sitakupa orodha ya duka fulani. Nitakupa kipimo, wewe utie bei ya sokoni kwako. Lita moja ya maziwa ya nyumbani hula soya kavu gramu 125, au oti gramu 100, au mchele gramu 100, au vipande vya korosho gramu 125, au lozi gramu 130, au nazi moja ikiwa unataka jepesi.

Tufanye mfano. Soya kilo 3,000, lita inakula shilingi 375. Mchele kilo 3,000, lita ni 300. Oti kilo 8,000, lita ni 800. Nazi moja 1,500. Vipande vya korosho kilo 20,000, lita ni 2,500. Lozi kilo 40,000, lita ni 5,200. Weka kando yake maziwa ya ng'ombe lita 2,500 na boksi la lozi la 12,000, bei za mfano pia.

Ukiishia hapo, mchele ndio mshindi, na huo ndio uongo wa kulinganisha lita kwa lita. Linganisha kwa protini. Lita ya ng'ombe ina gramu 33 hivi, kila gramu shilingi 76. Lita ya soya ya nyumbani ina gramu 30 au zaidi kidogo. Hata ukiongeza shilingi 500 za gesi, umeme na sukari, kila gramu haifiki 30. Boksi la lozi lina gramu tano kwa lita nzima: kila gramu ni shilingi 2,400. Sijui kitu kingine sokoni ambacho watu huuziwa protini kwa bei hiyo, hata kamba kochi.

Basi fedha ya boksi inakwenda wapi? Sehemu ndogo ni zao. Nyingine ni kiwanda cha kupasha joto kali sana kwa sekunde chache ili maziwa yakae miezi bila friji, boksi lenyewe la tabaka za karatasi, plastiki na alumini, kontena lililobeba maji, ushuru, kodi, na faida ya kila mkono. Ndugu zetu walio ughaibuni wanakutana na hesabu nyingine. Ujerumani maziwa ya ng'ombe hutozwa kodi ya mauzo ya asilimia 7 na ya mimea asilimia 19, kwa hoja kwamba haya ya pili ni kinywaji. Marekani, mikahawa ya Starbucks ilikuwa ikitoza ziada kwa maziwa ya mimea hadi Novemba 2024 ilipoiondoa.

Boksi lina faida moja ambayo blenda yangu haina, nayo ni madini na vitamini vilivyoongezwa. Kalsiamu, vitamini D na B12 hutiwa kiwandani, na ya nyumbani hayana. Mtu mzima anayekula dagaa, maziwa mgando au mayai hana wasiwasi mkubwa. Asiyekula chochote cha mnyama lazima apate B12 mahali pengine, iwe kwenye boksi au kidonge. Na kalsiamu ya boksi hutuama chini kama chokaa ndani ya ndoo, kwa hiyo lisipotikiswa, aliyekunywa glasi ya kwanza amekunywa maji na wa mwisho amekunywa chokaa.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe chochote kati ya hivi badala ya ziwa la mama au maziwa maalumu ya watoto wachanga, hata soya. Baada ya mwaka, kama ng'ombe hawezekani, wa kuzungumza naye ni mtaalamu wa lishe wa kliniki, si mimi. Na lozi, mchele na nazi zisimdanganye mzazi kwa weupe wake.

Maziwa ya nyumbani weka kwenye chupa safi ndani ya friji, yamalize ndani ya siku tatu. Soya ikianza kuchacha utaijua, inaganda chini na kutoa maji juu kama mtindi mbaya. Chicha lake usilitupe. Lina nyuzinyuzi na protini iliyokataa kupita kwenye kitambaa, lakini kwa kuwa halikupata zile dakika ishirini za jikoni, lichemshe au likaange hadi liive. Mimi hulichanganya na unga wa dengu, kitunguu, pilipili na kotmiri, nikachoma bajia. Yule jirani wa majani ya kupika huja siku hizo bila kuitwa.